Foleni ya maziwa Muheza: mchakato ulioharakishwa ukawafukuza wafugaji

Chama kinachozungumziwa hapa ni chama cha msingi cha wafugaji wa ng'ombe wa maziwa, kando ya barabara ya Tanga kwenda Segera, upande wa Muheza. Jina lake naliacha, na namba za lita na shilingi nimezirahisisha ili msomaji azifuate bila kushika kalamu. Kisa chenyewe kinamhusu yeyote anayepanga upya taratibu za kazi, iwe ofisini, kiwandani au kwenye ushirika. Vyuoni uwanja huu unaitwa usimamizi wa michakato ya kazi, na tawi lake ninalolifuata mimi ni lile linalouliza kwanza thamani, halafu ndipo kasi.

Kazi ya chama inaelezeka kwa pumzi moja. Alfajiri mwanachama anakamua, saa kumi na mbili na nusu hivi anafika kituoni na dumu lake, maziwa yanapimwa, yanaingia kwenye tangi la kupozea, saa tatu gari la kiwanda linakuja kuyabeba, na mwezi unaofuata mfugaji analipwa baada ya makato ya pumba, dawa na uhimilishaji. Tuchukue lita 1,000 kwa siku kutoka kwa wafugaji 200, yaani wastani wa lita 5 kwa mtu. Wengi wana ng'ombe mmoja au wawili, chotara, wanaofugwa bandani kwa majani ya tembo.

Bodi ilikuwa na kero moja mdomoni: foleni. Watoto wanaoleta maziwa wanachelewa shule, mabishano hayaishi, na masika yakifika maziwa yanaongezeka hadi msururu unatoka nje ya geti. Basi likaja wazo la kununua mfumo wa kompyuta, na kabla ya kuununua akaletwa kijana mtaalamu wa mifumo auchore mchakato mzima na kuonyesha muda unapopotelea.

Alichokiona kituoni ni hiki. Mpimaji ananusa dumu na kuyatazama maziwa. Anachota mililita 2 kwa bomba la sindano, anazitia kwenye kichupa, anaongeza alkoholi kiasi kilekile, anakigeuza kichupa taratibu kwenye mwanga. Maziwa mazima yanateleza na kuacha utando laini kwenye kioo. Yaliyoanza kuchacha yanaacha chembechembe, kama uji ulioshindwa kukorogeka, na hapo hakuna maelezo marefu: dumu linarudi nyumbani. Kisha yanamiminwa kwenye silinda na laktomita, kifaa kinachofichua maji yaliyoongezwa, inaachwa ielee. Maziwa ya kawaida ya ng'ombe, yakiwa kwenye nyuzi joto 20, husoma kati ya 26 na 32, maana yake kila mililita moja ina uzito wa gramu 1.026 hadi 1.032. Ikizama chini ya hapo, mpimaji anainua macho na kumtazama mwenye dumu, na watu wote kwenye foleni wanamtazama pia. Mwisho maziwa yanapimwa kwa jagi la lita, na hapa ndipo ugomvi ulipo, kwa sababu yanaingia na povu: mfugaji anasoma juu ya povu, karani anasoma chini yake.

Kijana akapiga hesabu zake. Vipimo viwili vya alkoholi na laktomita vilikula sehemu kubwa ya muda wa kila mfugaji dirishani. Ushauri wake ukafuata vitabu vyake: maziwa yapimwe ujazo tu, yamwagwe kwenye keni ya pamoja ya lita 50, halafu keni ndiyo ipimwe. Badala ya vipimo 200 kwa asubuhi, vibaki 20. Bodi ikakubali siku hiyohiyo. Foleni ikaisha kweli, na kwa wiki za mwanzo kila mtu alisifu.

Baada ya hapo keni zikaanza kukataliwa.

Hesabu yake haihitaji chuo kikuu. Tuseme kwa siku moja mfugaji 1 kati ya 50 analeta maziwa yaliyoanza kuharibika, labda dumu halikuoshwa vizuri, labda amechanganya na ya jioni. Zamani hasara ilikuwa yake peke yake, asilimia 2 ya maziwa. Sasa keni moja inabeba maziwa ya watu 10. Uwezekano wa wote 10 kuwa na maziwa mazima ni 0.98 ikijizidisha mara kumi, sawa na takriban 0.82. Kwa hiyo karibu keni 18 katika kila 100 zina maziwa mabovu ndani yake. Baadhi zinagundulika na kumwagwa pamoja na lita 45 za watu wasio na kosa. Nyingine maziwa mabovu yanazimuliwa na mazuri, kipimo kinapita, halafu tangi zima linaharibika njiani. Kiwanda kinakataa gari, na hasara inagawanywa kwa wanachama wote kwenye makato ya mwisho wa mwezi.

Na wenye kuongeza maji wakapata kichaka cha kujificha. Laktomita ya keni inaonyesha wastani, na wastani haumtaji mtu.

Wafugaji wenye maziwa mazuri hawakupiga kelele. Waliondoka kimyakimya, wakaanza kuwauzia wachuuzi wa bodaboda wanaopita milangoni. Nilipofika kituoni, lita zilikuwa zimepungua na bodi ilidhani ni kiangazi.

Mama mmoja, mtu mzima, mwanachama tangu kituo kinafunguliwa, nilimsalimu shikamoo akaitikia, nikamuuliza kama hafurahii foleni kuisha. "Mwanangu," alisema, "foleni mimi siiogopi, nimekaa foleni ya maji tangu nina miaka saba. Naogopa maziwa yangu kulala na ya mtu nisiyemjua."

Jibu lake liliniambia zaidi ya mchoro wa mchakato.

Nani mteja hapa?

Katika mafundisho ya kawaida ya uwanja huu, kila hatua ya kazi huwekwa kwenye moja ya mafungu matatu: inayomwongezea mteja thamani, inayohitajika na biashara ingawa mteja hailipii, na isiyohitajika na yeyote. Ukaguzi mara nyingi unaangukia fungu la pili, na mchambuzi mkali huusukuma hadi la tatu. Mteja, wanasema, analipia bidhaa. Kukaguliwa kwake ni gharama yako wewe mwenye kiwanda. Kwa kampuni ya magari hilo linaweza kupita. Kwenye ushirika linakwama, kwa sababu anayeleta malighafi, mwenye chama na anayehudumiwa ni mtu mmoja. Kipimo cha alkoholi kikifanywa mbele ya mfugaji kinamlinda dhidi ya jirani yake. Kwake ni huduma, tena huduma ambayo mchuuzi wa bodaboda hawezi kumpa.

Michael Rosemann wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Queensland, Brisbane, na wenzake wamependekeza tuzitazame thamani za mchakato kwa jozi zinazovutana: ufanisi na ubora, wepesi wa kubadilika na utii wa kanuni, kuwaunganisha watu wa ndani na kujenga mtandao na wa nje. Katikati ya jozi zote wameweka uwazi. Nimeutumia mfumo huu mara nyingi darasani, na ninao ulalamishi wangu: umezaliwa kwenye mashirika makubwa, na ukiuchukua bila kuupima unafikiri kila thamani ina mwenyewe anayejulikana. Lakini kwa kisa hiki ulinisaidia kuona jambo moja. Bodi ilidhani inabadilisha ubora kidogo kwa kasi nyingi. Ilichouza hasa ni uwazi, kitu kilichokuwa katikati, na kilipotoka jozi nyingine zote zikalegea pamoja. Ubora ukashuka, kiwanda kikapoteza imani, wanachama wakatawanyika.

Chombo cha pili nilichokitumia ni cha zamani zaidi, cha Ralph Keeney, mtaalamu wa maamuzi kutoka Marekani, ambaye mwaka 1992 alieleza kwa kirefu kwamba watu huanza na njia mbadala kabla ya kujua wanataka nini. Mbinu yake ni kuuliza "kwa nini hilo ni muhimu?" hadi jibu lisiwe na kwa nini nyingine. Niliifanya na wajumbe wa bodi chini ya mwembe nyuma ya kituo. Kwa nini foleni ipungue? Ili wafugaji wasikate tamaa. Kwa nini wasikate tamaa? Ili walete maziwa kwetu, wasiwape wachuuzi. Na mchuuzi ana nini ambacho sisi hatuna? Wajumbe walitazamana, halafu mweka hazina akajibu kwa sauti ya chini kwamba mchuuzi anatoa hela mkononi.

Hakuna aliyekuwa ameitaja hela tangu asubuhi. Mchoro wa kijana wa mifumo ulianzia getini na kuishia kwenye tangi. Malipo hayakuwamo, kwa kuwa hayafanyiki kituoni.

Deni lisiloandikwa

Mwaka 1961 John Little, mtafiti wa Kimarekani, alithibitisha kanuni moja ambayo wanafunzi huikariri kwa ajili ya foleni za benki: vitu vilivyomo ndani ya mchakato ni sawa na kasi ya kuingia ukizidisha na muda ambao kila kimoja kinakaa ndani. Itumie kwa pesa. Chama kinalipa tarehe 15 maziwa ya mwezi uliopita. Lita ya tarehe 1 inasubiri karibu siku 45, ya tarehe 30 inasubiri siku 15, wastani siku 30. Zidisha kwa lita 1,000 za kila siku: wakati wowote utakaochagua, wafugaji wana lita 30,000 ambazo hazijalipwa. Kwa bei ya shilingi 1,000 kwa lita, ni shilingi milioni 30. Wanachama wanakikopesha chama chao milioni 30, bila riba, bila karatasi, huku wenyewe wakichukua pumba dukani kwa mkopo.

Mchuuzi analipa shilingi 900 papo hapo. Anayekubali 900 leo badala ya 1,000 baada ya siku 30 ni kama anakopa kwa riba ya zaidi ya asilimia 11 kwa mwezi. Mtu hafanyi hivyo kwa ujinga. Anafanya hivyo kwa sababu mtoto amerudishwa nyumbani kwa mchango wa shule leo.

Sasa tazama kinachochelewesha. Maziwa yanaandikwa mara tatu: kwenye daftari la kituo, kwenye kadi ya mfugaji, na kwenye hati ya kiwanda ya kupokelea. Mwisho wa mwezi mhasibu anakaa na vitabu vitatu visivyokubaliana. Tofauti nyingine ni maziwa yaliyomwagika, nyingine ni povu la kwenye jagi, nyingine kadi iliyoloa mvua. Wiki mbili nzima zinaishia hapo.

Kisa cha namna hii kimeandikwa sana. Michael Hammer, mtaalamu wa Kimarekani wa kupanga upya kazi, alikieleza mwaka 1990 katika jarida la Harvard Business Review: idara ya malipo ya Ford huko Amerika Kaskazini ilikuwa na watu zaidi ya 500, kazi yao kubwa ikiwa kulinganisha hati ya kuagiza, hati ya kupokea na ankara ya muuzaji. Mazda, iliyokuwa ndogo zaidi, ilikuwa na watu 5. Ford ilipoamua kwamba bidhaa ikipokelewa na kukubaliana na oda iliyomo kwenye kompyuta basi ilipwe, bila kungoja ankara, idadi ya watu ilipungua kwa asilimia 75. Watu wa Tanga hawahitaji kusafiri hadi Detroit kulielewa hili. Kabla ya bandari yao kuongezwa kina hadi mita 13 na kupata gati la mita 450, meli zilitia nanga nje, mizigo ikashushwa kwenye matishari, ikapakuliwa tena gatini. Kila mwagizaji alijua kuwa anailipia mara mbili mizigo ileile.

Lakini kuharakisha hesabu peke yake hakutoshi, maana chama chenyewe kinalipwa na kiwanda kwa mwezi. Hapa ndipo ninapopenda kazi ya watafiti watatu ambao wote, kwa bahati, wanaitwa Jan: Jan vom Brocke, Jan Recker na Jan Mendling. Mwaka 2010 walionyesha kwamba kila mchoro wa mchakato unaweza kufungamanishwa na malipo yanayoingia na kutoka kipindi kwa kipindi, hivyo ukalinganisha michoro miwili kama unavyolinganisha vitega uchumi viwili. Wengi huuchora mchakato wakasahau kwamba kila mshale una bei.

Tukaweka bei. Chama kikilipa kila nusu mwezi, siku 5 baada ya kufunga hesabu, wastani wa kusubiri unashuka hadi siku 12.5, na deni kwa wafugaji linashuka hadi milioni 12.5. Tofauti ya milioni 17.5 lazima itoke mahali. Ikikopwa, tuseme kwa riba ya asilimia 1.5 kwa mwezi, gharama ni shilingi 262,500. Gawanya kwa lita 30,000 za mwezi: haifiki shilingi 9 kwa lita. Shilingi 9 kuziba pengo ambalo mchuuzi analitoza 100. Wakati huohuo bodi ilikuwa imetenga fedha za kununua mitambo ya kupunguza foleni ya dakika chache.

Mwenyekiti aliirudia hesabu hiyo mwenyewe kwenye simu yake, mara mbili.

Mchakato uliorudishwa kituoni

Kipimo cha alkoholi kilirudi kwa kila dumu, mbele ya mwenyewe. Laktomita ikawekwa kwa bahati nasibu: kila asubuhi watu waliopo kwenye foleni ndio wanaochagua kwa kura madumu yatakayopimwa, karani hachagui. Nauona uamuzi huu kuwa bora kuliko wote uliofanywa, na hakuna mtaalamu aliyeuleta. Ulitoka kwa mpimaji mwenyewe, aliyechoka kuambiwa ana chuki na fulani. Jagi likaondolewa, ikaletwa mizani. Uzito hauhesabu povu, na kuurudisha kwenye lita ni kugawanya kwa 1.03. Kilo zikisomwa zinaingizwa mara moja kwenye simu ya kituo, na mfugaji anapata ujumbe wenye lita zake kabla hajatoka getini. Daftari limebaki kwa siku ambazo mtandao unasumbua. Kadi zimekufa.

Foleni ni fupi kuliko zamani, ingawa si fupi kama ilivyokuwa wakati wa keni za pamoja. Hakuna anayeilalamikia sana.

Lililonishangaza lilitokea kiwandani. Bodi ilipokwenda kuomba ilipwe kila nusu mwezi, meneja wa ununuzi hakuuliza habari za mfumo wala simu. Aliuliza kama maziwa yanapimwa kwa mtu mmoja mmoja. Alipoonyeshwa kumbukumbu za siku kadhaa, alikubali kwa sharti kwamba tangi likikataliwa mara mbili ndani ya mwezi, malipo yanarudi kuwa ya mwezi. Mkopo uliohitajika ukawa mdogo sana. Hatua ambayo mchoro wa kwanza uliiandika kuwa upotevu ndiyo iliyonunua masharti bora ya malipo, na hilo usingeliona kwa kupima dakika.

Liko ambalo halijakaa sawa, nalo limeletwa na mafanikio yenyewe. Zamani malipo yalitolewa kwa fedha taslimu, kwa yeyote aliyekuja na kadi. Anayekuja na kadi alikuwa ndiye anayeleta maziwa, na anayeleta maziwa mara nyingi ni mke, ndiye anayekamua, kukata majani na kuosha dumu. Kadi ilikuwa na jina la mume, lakini hela ilipitia mkononi mwake. Sasa malipo yanakwenda kwenye namba ya simu iliyosajiliwa pamoja na jina la kwenye kadi. Kwa hesabu zote za ufanisi ni maendeleo: hakuna wizi njiani, hakuna foleni ya malipo, kumbukumbu ziko wazi kwa mkaguzi. Ila ndani ya nyumba hela imebadilisha mkono, na hakuna mjumbe aliyepiga kura kwamba ibadilishe.

Ule mfumo wa jozi hauna mahali pa kuliandika hili. Ukiliweka kwenye uwazi, uwazi umeongezeka. Ukiliweka kwenye ufanisi, umeongezeka pia. Mimi naliweka kwenye swali la thamani ya nani, na naona utafiti wa eneo hili umelipita haraka mno kwa sababu "mdau" huandikwa kama kisanduku kimoja, na kaya ya mfugaji ina watu zaidi ya mmoja ndani ya kisanduku hicho. Wanawake kadhaa wameshaanza kupunguza dumu: lita tatu zinakwenda kituoni, mbili kwa mchuuzi, ambaye bado analipa mkononi. Mhasibu anaiona kwenye takwimu kama kushuka kwa uzalishaji.

Suala liko kwenye ajenda ya mkutano mkuu ujao: kama usajili uandikwe jina la mwenye ng'ombe au la anayeleta maziwa, na kama malipo yanaweza kugawanywa kwenye namba mbili. Wazee wawili wa bodi wanapinga, wakisema chama hakiingii mambo ya ndani ya watu. Katibu anasema programu haina nafasi ya namba ya pili. Nimemuuliza fundi aliyeitengeneza. Anasema nafasi hiyo anaiongeza kwa siku moja, akipewa barua ya bodi.